Matangazo, vibanzi na jicho la mlaji wa Ndera

BASI litokalo Mombasa kuelekea Garissa au Lamu lifikapo Minjila, karibu na mji wa Garsen, abiria hukiona chakula kikipikwa kabla hajakilipia. Viazi karai vinaelea katika mafuta, samaki wa mtoni wamepangwa juu ya sinia, chapati zinageuzwa, na mwenye shaka ana ruhusa ya kuuliza mafuta hayo yametumika tangu lini. Jibu lisipomridhisha, huvuka barabara na kununua kwa mwingine. Biashara yote hiyo huendeshwa bila bango, bila wimbo wa redio na bila picha ya mtoto anayetabasamu.

Ukiiacha barabara kuu na kuingia Ndera, kwenye mashamba ya migomba na miembe yanayoufuata Mto Tana, hukuti mkahawa wowote wa kampuni ya kimataifa. Wala Garsen kwenyewe haupo. Mkazi anayetaka kuku wa KFC sharti asafiri kwa saa kadhaa kuelekea Mombasa. Hata hivyo, matangazo ya kuku huyo yalikwisha kuwasili zamani, kupitia redio, runinga na sasa simu ya mkononi. Si ajabu kumkuta kijana anayejua bei ya ndoo ya kuku ambao hajawahi kuwaonja.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wafanyabiashara, madaktari na watunga sheria wamelijadili kwa miaka mingi: je, tangazo lina uwezo wa kubadili fikira za umma kuhusu ubora wa vyakula vya haraka? Kinaya ni kwamba pande mbili zinazohasimiana katika mjadala huu zinakubaliana kuhusu jibu. Kampuni hutumia mamilioni ya fedha kwa sababu zinaamini tangazo lina nguvu. Wanaozipinga nao hutaka matangazo yadhibitiwe kwa sababu hiyo hiyo. Mlaji mwenyewe, ambaye ndiye anayegombaniwa, huulizwa kwa nadra.

Ni vyema kutofautisha mambo yanayochanganywa mara kwa mara. Tangazo laweza kukifanya chakula kijulikane. Hilo halina ubishi. Laweza pia kukifanya kitamaniwe, kwani picha ya nyama inayotoka moshi huamsha njaa hata kwa aliyeshiba. Ama kukifanya kiaminiwe, yaani mtu asadiki kwamba ni safi, kimepikwa kwa vifaa vizuri na hakitamdhuru, hiyo ni kazi ya namna nyingine. Historia ya karibuni, nchini Kenya na ng'ambo, inaonyesha kuwa katika kazi hiyo ya tatu tangazo limeshindwa mara nyingi kuliko lilivyofaulu, na pale lilipofaulu kulikuwa na jambo jingine lililotangulia.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa Januari 2022. KFC, iliyofungua mkahawa wake wa kwanza jijini Nairobi mwaka wa 2011, iliwatangazia wateja kwamba imeishiwa na vibanzi kutokana na kucheleweshwa kwa shehena zilizokuwa zikija kwa meli. Wateja waliombwa wachague kitu kingine badala yake, ugali ukiwa miongoni mwa vilivyopendekezwa. Kwa kampuni, hilo lilikuwa tangazo la kawaida la kuomba radhi. Kwa Wakenya, lilikuwa ufunuo. Wengi hawakuwa wamewahi kujiuliza vibanzi hivyo vilitoka wapi, na sasa waliambiwa kwamba taifa ambalo viazi ni zao lake la pili kwa umuhimu baada ya mahindi lilikuwa likingojea viazi kutoka nje ya nchi.

Maelezo yaliyofuata ndiyo yaliyochochea moto. Mkurugenzi mkuu wa kampuni hiyo kanda ya Afrika Mashariki, Jacques Theunissen, alilieleza gazeti la The Standard kwamba wauzaji wote wa bidhaa kwa kampuni hiyo ni lazima wapitie utaratibu wa kimataifa wa kuthibitisha ubora, na kwamba utaratibu huo hauwezi kurukwa hata bidhaa zinapokwisha. Kwa mtazamo wa kampuni, hiyo ilikuwa hoja ya kumtuliza mlaji: viazi vyetu vimekaguliwa. Mkulima wa Nyandarua aliisikia vingine. Aliambiwa, bila kutajwa jina, kwamba kiazi anachokila na kuwalisha wanawe hakijafikia kiwango cha kukaangwa mjini.

Mwito wa kuisusia kampuni hiyo ulienea mitandaoni kwa muda wa saa chache. Baada ya siku chache kampuni ilisema ina mpango wa kununua viazi humu nchini. Zaidi ya miaka kumi ya matangazo yenye rangi nyekundu na nyeupe haikuweza kuizuia dhoruba hiyo, kwa sababu dhoruba haikuhusu ladha wala usafi. Ilihusu asili ya chakula, jambo ambalo matangazo hayakuwa yamelitaja kabisa. Umma uliamua wenyewe kwamba asili ni sehemu ya ubora, na kampuni ikalazimika kuufuata.

Mlaji wa Ndera angeielewa hoja hiyo mara moja. Huku, swali la kwanza kuhusu chakula huwa ni la mtu: ni cha nani? Maziwa yanayoletwa na akina mama wafugaji hununuliwa kwa kumtazama aliyeyabeba. Yule ambaye maziwa yake hayakuwahi kuchanganywa na maji hana haja ya kuyasifu, na yule aliyewahi kubainika hata angeimba sifa zake kutwa nzima hapati mnunuzi. Embe husifiwa kwa mwembe uliolizaa, na samaki kwa saa aliyotoka majini. Ubora hapa ni jina la mtu, na jina hujengwa polepole na kubomoka kwa siku moja.

Waama, mijini nako imani huharibika kwa siku moja. Mnamo Julai 2019, runinga ya NTV ilipeperusha makala ya upekuzi yaliyodai kwamba baadhi ya maduka makubwa yalitumia kemikali ya sodiamu metabisalfaiti ili nyama iliyokaa ionekane mbichi na nyekundu. Maduka hayo yalikuwa yametumia miaka mingi kujitangaza kuwa mahali pa nyama safi, tofauti na buchari ya mtaani yenye nzi. Mara wanunuzi wakaanza kusema kwamba nzi, angalau, ni dalili ya nyama isiyotiwa dawa. Kauli hiyo haina msingi wa kisayansi na daktari yeyote wa afya ya umma angeipinga, lakini inaonyesha jinsi mizani ya umma inavyogeuka ghafla pale anayetangaza usafi anaposhukiwa kuficha jambo.

Basi je, hakuna tangazo lililowahi kuigeuza imani? Lipo, na linafaa kuchunguzwa kwa makini kwa sababu hutajwa sana na mabingwa wa biashara bila kuelezwa kikamilifu. Aprili 2009, wafanyakazi wawili wa tawi moja la Domino's katika mji mdogo wa Conover, jimbo la North Carolina nchini Marekani, walijirekodi wakikifanyia chakula cha wateja uchafu usiofaa kuandikwa hapa. Video hiyo ilitazamwa na zaidi ya watu milioni moja kwa siku chache. Rais wa kampuni hiyo nchini Marekani, Patrick Doyle, aliomba radhi kwa video pia. Lakini tatizo kubwa zaidi lilikuwa la zamani: wateja walikuwa wakilalamika kwamba mkate wa piza hiyo una ladha ya boksi.

Mwishoni mwa mwaka huo kampuni ilifanya jambo ambalo wengi waliliona kuwa wazimu. Iliyatoa malalamiko hayo hewani yenyewe. Katika matangazo yake, wapishi na wakubwa wa kampuni walionyeshwa wakisikiliza walaji wakiitukana piza yao, kisha wakaeleza kwamba wamebadilisha mkate, rojo na jibini. Katika robo ya kwanza ya 2010, mauzo katika matawi yake ya Marekani yaliyokuwa wazi mwaka uliotangulia yaliongezeka kwa asilimia 14.3, kiwango kisicho cha kawaida katika sekta hiyo.

Wanaoushangilia mfano huo husema tangazo lilifanya muujiza. Ukweli ni kwamba mapishi yalibadilika kwanza. Tangazo lilikuwa tarishi aliyepeleka habari ya jambo lililokwisha kutendeka jikoni, na aliyeonja mara ya kwanza akaona kwamba tarishi hakusema uongo. Lau mapishi yangebaki yale yale, kampuni ingekuwa imetumia fedha zake kuwatangazia Wamarekani wote kwamba piza yake ina ladha ya boksi.

McDonald's nchini Canada ilikwenda njia inayofanana na hiyo mwaka wa 2012, ilipowaalika wananchi waulize swali lolote kuhusu chakula chake na ikajibu hadharani. Video iliyopendwa zaidi ilimwonyesha ofisa wa masoko, Hope Bagozzi, akieleza kwa nini baga ya kwenye picha hainenepi hivyo mtu anapoinunua dukani. Alionyesha jinsi baga ya picha inavyopangwa kwa saa kadhaa na kusahihishwa kwa kompyuta, ilhali ya mteja hutengenezwa kwa dakika moja au zaidi kidogo. Yaani kampuni ilipata sifa kwa kukiri kwamba matangazo yake hayafanani na bidhaa yake! Januari ya mwaka huo huo, kampuni hiyo hiyo ilikuwa imewaomba watu wa Twitter wasimulie visa vyao vitamu kuihusu, ikapokea visa vya kuumwa tumbo na ikalazimika kuiondoa kampeni hiyo upesi. Kampuni ni moja, mwaka ni mmoja. Katika kisa kimoja iliomba sifa, katika kingine iliomba kuulizwa.

Uingereza nayo ilishuhudia kioja Februari 2018, pale KFC ilipobadilisha kampuni ya kuisambazia kuku na mamia ya mikahawa yake ikafungwa kwa kukosa kuku. Kampuni ilichapisha magazetini picha ya ndoo tupu, herufi tatu za jina lake zikiwa zimepangwa upya ili zikaribie tusi la Kiingereza, na chini yake radhi isiyo na visingizio. Umma ulicheka na kusamehe. Ikilinganishwa na mkasa wa Nairobi miaka minne baadaye, tofauti si ubunifu tu. London ilikosa kuku kwa sababu ya magari na maghala. Nairobi ilikosa vibanzi ilhali viazi vilikuwa vimejaa sokoni Wakulima. Radhi ya kuchekesha ingewezaje kulijibu hilo?

Hadi hapa mizani inaonekana kumwelemea mtangazaji. Lakini kuna kundi moja la walaji ambalo halina kinga hiyo, nalo ni watoto. Mwaka wa 2007, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wakiongozwa na Thomas Robinson waliwapa watoto 63 wa umri wa kati ya miaka mitatu na mitano vyakula vya aina moja vikiwa katika vifungashio viwili, kimoja chenye nembo ya McDonald's na kingine kisicho na nembo. Watoto walisema kilichofungwa kwa nembo kina ladha bora. Walisema hivyo hata kuhusu karoti na maziwa. Na katika nyumba zilizokuwa na runinga nyingi zaidi, athari hiyo ilikuwa kubwa zaidi.

Matokeo hayo hayafai kupuuzwa eti kwa sababu Stanford ni mbali na Tana River. Mtu mzima wa Ndera anacho cha kulinganisha: ameonja, ameumwa, ameuliza, amesusia. Mtoto hana. Anapoanza kuitazama dunia kupitia simu ya kaka yake, hukutana na chakula kilichopigwa picha kabla ya kukutana na chakula chenyewe, na ulimi wake huja kufundishwa na jicho. Baadhi ya nchi zimelichukulia jambo hilo kwa uzito. Uingereza ilianza kudhibiti matangazo ya vyakula vyenye mafuta, chumvi na sukari nyingi katika vipindi vya watoto mwaka wa 2007.

Athari nyingine ya matangazo ni ile isiyotajwa katika vitabu vya biashara, nayo huenda ndiyo kubwa zaidi kwa maeneo kama Garsen. Kampuni inapokitangaza chakula kilichofungwa kwa boksi kuwa safi, haisemi kwamba cha kibandani ni kichafu. Haina haja ya kusema. Mtazamaji hukamilisha sentensi hiyo mwenyewe. Kwa hivyo tangazo laweza lisimfanye mtu aamini ubora wa kuku ambaye hajawahi kumwona, lakini likamfanya aanze kuionea haya chapati ya jirani yake. Mama anayekaanga viazi karai kando ya barabara hana fedha za kulijibu tangazo hilo, wala hajui kama amesemwa.

Si kwamba kibanda hakina dosari. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliyafunika makazi na mashamba mengi kando ya Mto Tana, na kipindupindu kikazuka katika kaunti hiyo. Nyakati kama hizo maji ya kunawia mikono, choo na kifuniko cha sufuria ni mambo ya kufa na kupona, na imani ya mteja kwa muuzaji wake wa siku zote haiwezi kuua kijidudu. Kumwamini mtu ni kipimo kizuri cha maziwa yaliyotiwa maji. Si kipimo cha maji yenyewe. Katika hilo, mikahawa mikubwa yenye wakaguzi na majokofu ina hoja ya haki, na anayeipinga kwa uzalendo mtupu anawakosea wagonjwa.

Walakini hoja hiyo ni ya ukaguzi wala si ya matangazo. Mpishi wa kibandani akipewa maji safi ya bomba, akapimwa afya yake na kupewa cheti kinachotundikwa mahali pa kuonekana, amepata kile ambacho boksi lenye nembo linadai kukileta. Jukumu hilo ni la serikali ya kaunti, kwa kuwa Katiba ya 2010 iliikabidhi afya ya umma mashinani pamoja na leseni za wanaouza chakula. Inasikitisha kwamba afisa wa afya huonekana zaidi baada ya mkurupuko, akija kufunga, kuliko kabla yake, akija kufunza.

Sheria ya kuyadhibiti matangazo yenyewe haikosekani. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na habari anazohitaji ili azifaidi, na inalitaka Bunge litunge sheria ya matangazo ya haki, ya kweli na ya heshima. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ilipitishwa mwaka wa 2012. Kabla ya hapo ilikuwapo, na ingali ipo, Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, inayofanya kuwa kosa kutangaza chakula kwa namna inayopotosha kuhusu hali yake, thamani yake au usalama wake. Kilicho adimu ni kesi. Itakumbukwa kwamba hata London, katika kesi ndefu iliyoamuliwa Juni 1997, jaji aliyewaona wanaharakati wawili na hatia ya kuikashifu McDonald's katika mambo kadhaa aliwaunga mkono katika hili: kwamba kampuni hiyo ilikitangaza chakula chake kuwa na manufaa ya lishe ambayo hakikuwa nayo. Kampuni ndiyo iliyokuwa imeshtaki.

Siku moja, barabara na idadi ya watu zikiruhusu, mkahawa wenye nembo kubwa utafunguliwa Garsen. Hapana shaka siku ya kwanza utajaa, vijana wakipiga picha na boksi zao. Tangazo litakuwa limetimiza kazi yake. Juma la pili wazee wataanza kuuliza. Kuku huyu amefugwa wapi? Amechinjwa na nani? Swali hilo la pili, katika kaunti yenye Waislamu wengi, halijibiwi kwa picha bali kwa cheti cha halali na kwa kumjua mchinjaji. Mchele ni wa skimu ya hapa au umetoka Pakistan? Na juisi hii ya embe imetoka kwenye pakiti, msimu huu ambapo maembe ya Ndera yanaozea chini ya miembe kwa kukosa mnunuzi?

Meneja atakayekuwa na majibu ya maswali hayo ataweza kuyatangaza, na atasadikiwa. Asiyekuwa nayo atalazimika kupunguza bei, na ng'ambo ya barabara mafuta yatakuwa yakichemka, yule mama akiendelea kuulizwa aliyatia lini.